Mwaka wa Kufuta Majina

Tii. Halafu kimya, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu tii tena. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya UPS yetu, kisanduku cha betri kinachoshikilia kompyuta, chini ya meza ya saiba pale Kapsoit kila stima ilipopotea, na huku kwetu kwenye majani chai stima hupotea mchana, saa ile mvua ya mawe inashuka kutoka upande wa msitu na radi inatafuta mtu wa kulaumu. Betri yake ilikuwa imezeeka. Ikianza kulia ulikuwa na muda wa kuhifadhi kazi yako na kusema sala fupi, basi. Nikiisikia sauti hiyo leo, hata nikiwa kwenye foleni ya benki, mkono wangu wa kulia husogea wenyewe kutafuta kitufe ambacho hakipo, na watoto wangu hunicheka.

Nimeikumbuka kwa sababu ya Madam Rono. Disemba iliyopita tulikuwa na harusi Sigor, upande wa mume wangu, na kwenye foleni ya chakula mbele yangu alisimama mama mmoja mrefu ameshika sahani kama mtu anayeshika kitabu. Alipogeuka nikamjua, ingawa nywele zimeanza kuwa nyeupe. Hatukuwa tumeonana tangu mwaka ule. Hakunisalimia. Alisema tu, "Chepkirui. Ile picha. Ni nani aliirudisha?"

"Madam, chukua nyama kwanza," nikamwambia. "Watu wako nyuma yetu."

"Nimekuuliza swali."

"Na mimi nimekuambia nyama inaisha."

Alicheka, akachukua nyama, tukaenda kukaa kwenye kivuli cha hema. Akanieleza kwamba kwa miaka hiyo yote hakuwahi kuifungua ile makala yake ya utafiti. Ni binti yake, aliyekuwa akicheza na simu, aliyeandika jina la mama yake kwenye mtandao, na makala ikaja yenyewe, na picha ndani yake. Alinitazama akingoja jibu. Nikammiminia maziwa ya mursik kikombe kijae, nikaanza kuuliza habari za ng'ombe. Sikujibu vizuri siku hiyo, kwa sababu jibu lina mwaka mzima ndani yake, na huwezi kumwambia mtu mwaka mzima harusini, spika ikikuvumia sikioni. Ndiyo nauandika hapa.

Saiba ilikuwa chumba kimoja kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi. Upande mmoja tulinusa dawa ya kupe, upande wa pili tulisikia mashine ya kunyolea na siasa. Kulikuwa na kompyuta tatu: moja ya wateja, moja yangu, na ya tatu iliyokuwa imefunguliwa mgongo ili kutoa vipuri vya hizo mbili. Mwenyewe alikuwa Mama Vero, Mkisii wa Chepilat aliyehamia kwetu kitambo, mama mnene wa sauti, ambaye aliuza mandazi kutoka kwenye ndoo nyeupe yenye kifuniko na hakuona ajabu yoyote mafuta ya mandazi kukaa pamoja na karatasi za fotokopi. Chupa ya chai ilikaa juu ya printa kwa sababu printa ilikuwa na joto. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama ambazo mama yangu alizifungia ndani ya Biblia, mahali ambapo wageni hawafungui. Nikasoma kozi fupi ya kompyuta na hapo nikafika mwisho wa masomo. Lakini nilikuwa na ndoto nyingi kuliko kazi. Nikichapa ratiba ya mazishi nilifikiria siku nitakuwa na ofisi yenye kochi. Nikichapa barua ya mtu kuomba kazi Dubai, mimi nilishapanda ndege kabla yake. Zaidi ya yote nilitaka kuona jina langu limechapwa mahali, si na mimi mwenyewe, na mtu mwingine. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu kila siku nilichapa majina ya watu.

Madam alikuja mara ya kwanza amelowa. Flashi yake ilikuwa ndani ya karatasi ya unga iliyofungwa fundo, na aliifungua polepole kama dawa. Alikuwa mwalimu wa mitambo katika chuo cha ufundi kilichokuwa karibu, mwanamke pekee katika idara yake. Alinionyesha kwenye simu ukurasa wenye maandishi ya safu mbili, michoro imekaa vizuri katikati, akauliza kama najua kupanga kitu kikae hivyo. Nikasema najua. Sikujua. Siku hizo nilisema najua kwanza, kujua kulikuja nyuma kwa miguu.

Shida yake alinieleza hiyo hiyo siku, na nikaibeba kama yangu. Alikuwa anasomea shahada ya pili ya uhandisi. Mitihani ilikuwa imekwisha, utafiti umekwisha, walimu wake wameridhika, lakini chuo kikuu kilikuwa na sheria: huvai joho mpaka makala yako moja ikubaliwe na jarida la utafiti wa uhandisi. Na muda wake wa usajili ulikuwa unaisha mwaka huo huo. Mlango wa wahitimu ungefungwa Oktoba. Makala ikikubaliwa kabla ya hapo, angehitimu Disemba. Isipokubaliwa, angefutwa na kuanza upya kama mtu ambaye hakuwahi kusoma. "Tuko Februari," akasema, "muda tunao." Sote wawili tuliamini.

Utafiti wenyewe ulikuwa wa feni. Majani chai yakitoka shambani hayasagwi mara moja. Humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na chini ya kila kitanda kuna feni kubwa kama mlango wa boma, inapuliza hewa mpaka majani yalegee. Feni hizo hukimbia kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Madam alikuwa amepima unyevu wa majani na upepo, akaonyesha kwamba majani yakianza kulegea feni inaweza kupunguzwa mwendo, chai isiharibike na kiwanda kikaokoa stima nyingi. Nilipomsikia akieleza niliona ni jambo la wazi kabisa, la kupokelewa kwa makofi. Nilifikiri jarida ni kama gazeti, unawapelekea habari njema na wao wanashukuru.

Jarida lilikuwa na kiolezo chake, yaani ukurasa mtupu unaokuambia kila kitu kikae wapi. Kurasa nane, hata mstari mmoja usivuke. Maandishi ya mwili saizi hii, ya chini ya mchoro saizi ile. Vitabu ulivyosoma uvipe namba kwa jinsi ulivyovitaja, na ukihamisha aya moja, namba zote zinabadilika mpaka mwisho. Nikigusa picha, maneno yalikimbia kama kuku walioona mwewe. Madam aliketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mguu wake mmoja ukicheza, na nyuma yetu wateja wa fotokopi walisimama wakisoma juu ya mabega yetu bila aibu. Siku moja mzee mwenye kofia ya manyoya, aliyekuja na kitambulisho kikuukuu, alisoma kwa muda mrefu kisha akauliza, "Hii yote ni ya feni?"

"Ndiyo, mzee," Madam akajibu.

"Feni si inapuliza tu?"

"Inapuliza."

"Basi andika inapuliza, huyu msichana anifanyie fotokopi."

Mama Vero alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ndoo ya mandazi. Tangu siku hiyo makala ikaitwa "Inapuliza". Akifungua mlango asubuhi aliuliza, "Inapuliza imelala aje?"

Jarida lilitaka picha safi ya mtambo, kwa hiyo Jumamosi moja Madam alinichukua twende kiwandani. Nilikuwa nimeishi na harufu ya chai maisha yangu yote na sikuwa nimewahi kuingia ndani. Ghorofa ya kunyaushia ilikuwa ndefu kama kanisa, na ilinukia matunda yaliyokatwa, si chai bado. Vitanda vilikuwa vya kijani mpaka mwisho wa macho, na chini yake ngurumo moja nzito uliyoisikia kwa magoti kabla ya masikio. Pale nilijifunza desturi ya wale watu. Kiwanda kile hakikuita feni kwa namba. Mtu akitunza feni kwa miaka, feni inachukua jina lake, na hata akiondoka jina linabaki. Kulikuwa na Kemei, ambaye alistaafu. Kulikuwa na Nyamweya, ambaye bado alifanya kazi hapo hapo, mwanamume mfupi wa Kisii mwenye gumbuti nyeupe. "Kemei ana baridi leo," utasikia mtu akisema. "Mpatie Nyamweya grisi." Na Nyamweya mwenyewe akatuambia, uso mkavu, "Juzi nimezimwa, nimefunguliwa tumbo, nimewekwa mkanda mpya, na nimekuja kazini saa kumi na mbili. Nyinyi mngeomba off."

Ya tatu iliitwa Rono. Ilikuwa ya baba yake Madam. Aliitunza mpaka akafa, na wenzake walipotoka mazishini walichukua rangi nyeupe na brashi ya kuandikia mabango, wakaandika RONO kwenye chuma chake kwa herufi kubwa, herufi ya mwisho imebanana kwa sababu chuma kiliisha kabla ya jina. Madam hakuwa ameniambia. Alisogea, akaweka mkono juu ya kile chuma kinachotetemeka, kama unavyomgusa bega mzee aliyeketi, akamsalimu "Chamgei" kwa sauti ya chini. Halafu akarudi nyuma, akapiga picha. Ilitoka vizuri sana ile picha. Tulikula kantini na wale watu, ugali na sukuma na maharagwe, na Nyamweya akaulizia hiyo makala itasomwa wapi. Madam akasema dunia nzima. "Basi huko nje watajua Rono," Nyamweya akasema, na watu wa meza ile wakaacha kutafuna kidogo, kisha wakaendelea.

Ninapokumbuka meza ile leo ndipo hasira yangu huanza, na huanza pole pole kama sufuria. Hakuna aliyetufanyia ubaya. Mhariri alikuwa mtu wa adabu, kila barua yake ilianza kwa kushukuru. Ingekuwa rahisi kama tungekuwa na adui.

Tulituma Machi. Tulikuwa tumefuata agizo la kwanza: wakaguzi wa jarida husoma makala bila kujua ni ya nani, wasije wakampendelea mtu au kumchukia, kwa hiyo mwandishi haweki jina lake. Tuliliondoa jina la Madam juu. Tuliondoa shukrani mwishoni, ambamo Madam alikuwa ameniandika mimi, Mercy Chepkirui wa Kapsoit, kwa kuchapa na kupanga, na mimi nilikuwa nimeisoma hiyo sentensi mara nyingi kabla ya kuiondoa. Madam akasema zitarudi tukikubaliwa. Makala ikarudi kabla ya wiki kuisha, haijasomwa. Jina la mwandishi linaonekana kwenye picha ya pili, walisema.

"Hiyo si jina langu," Madam akaiambia kompyuta. "Hiyo ni ya baba."

"Madam, ni jina moja."

Mashine ya kinyozi ilivuma ng'ambo ya ukuta. "Ni moja," akasema.

Kwetu mtoto akizaliwa, wazee huita majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya, na jina lililokutana na chafya ndilo lake. Mtu haingii duniani mtupu. Na sasa tulikuwa na kazi ya miaka miwili ya mtu, na tuliambiwa haiwezi kuingia ndani mpaka ivuliwe jina. Nilijua sababu yao ni nzuri. Hata Madam aliieleza vizuri kuliko wao. Lakini alihamia kiti kingine akaangalia barabara wakati mimi nachukua rangi ya kijivu kutoka upande mmoja wa chuma na kuipaka juu ya R, juu ya O, juu ya N, juu ya O iliyobanana. Kiraka kilionekana, kwa hiyo nikaipunguza picha ikawa ndogo kama stempu. Tukatuma tena.

Halafu wakanyamaza. Kwenye tovuti yao kulikuwa na neno moja tu kando ya makala yetu: inakaguliwa. Aprili inakaguliwa. Mvua ndefu ikaja, barabara ya shambani ikawa uji, inakaguliwa. Mei, Juni. Kila asubuhi, kabla ya kufagia, nilifungua tovuti kwanza. Madam alipita saa ya chakula, anasimama mlangoni tu bila kuingia, mimi natikisa kichwa, anaenda. Mama Vero alichoka kwa niaba yetu. "Hiyo Inapuliza yenu bado inakaguliwa? Hata mimba ingekuwa imeshika njia." Mteja mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akamshauri Madam aende awaone hao watu ana kwa ana, abebe kuku. "Wako bara lingine," Madam akasema. "Basi ubebe kuku aliyekaangwa," mwalimu akasema, "asiharibike." Tulicheka. Lakini nilimwona Madam akikunja karatasi ya mandazi ndogo, ndogo zaidi, mpaka haikukunjika tena.

Majibu yalikuja mwisho wa Agosti, na tulisoma pamoja, vichwa vyetu vikigusana. Mkaguzi wa kwanza alisifu kazi, akataka michoro miwili irekebishwe. Mkaguzi wa pili alikuwa na jambo zito. Makala inasema, aliandika, kwamba Nyamweya alizimwa mara mbili na kufunguliwa katika kipindi cha utafiti, na kwamba Kemei alipimwa joto kila saa. Je, washiriki hawa walitoa idhini? Kamati gani ya maadili iliruhusu utafiti huu?

Sisi sote hatukuwa tumeliona hilo. Madam alikuwa ameandika feni kwa majina yake, kama kiwandani, nami nikachapa, na mwalimu wake wa chuo kikuu, mtoto wa Bomet, kwenye majani chai vile vile, akasoma na kupitisha. Mtu wa jarida aliyeturudishia mara ya kwanza alikuwa ameangalia picha tu, hakuingia ndani. Kwetu ilikuwa wazi kama mchana kwamba Nyamweya ni feni. Madam alicheka mpaka akalia machozi, na mimi nilicheka naye, kisha nikagundua kwamba mimi nimeacha kucheka na yeye bado analia.

Habari ilifika kiwandani. Siku ya pili Nyamweya alikuja saiba na gumbuti zake nyeupe, akasimama mbele ya meza kama mtu aliye mbele ya chifu. "Niandikie barua," akaniambia. "Mimi Nyamweya nimekubali kupimwa upepo. Nimekubali kuzimwa. Nitaweka sahihi na kidole, wachague."

"Na Rono?" Mama Vero akamuuliza. "Atasainiwa na nani?"

Nyamweya akatazama chini. "Rono atasainiwa na mimi."

Hatukutuma barua hiyo. Tulituma maelezo marefu ya heshima kwamba Nyamweya, Kemei na Rono ni mitambo. Mhariri akashukuru, akasema ameelewa, na akaomba kwa upole majina yote yaondolewe ili msomaji asichanganyikiwe. Feni A, Feni B, Feni C. Niliiambia kompyuta ibadilishe yote kwa pamoja, na ikabadilisha mpaka maneno ya Kiingereza ambayo kwa bahati mbaya yalikuwa na rono tumboni, kwa hiyo tukapitia kurasa nane moja moja tukitoa feni mahali ambapo hapana feni. Madam alinisomea kwa sauti nikisahihisha. Feni A ilionyesha hivi. Feni B na Feni C. Katikati ya ukurasa wa tano akasimama. "Wamekuwa kama wafungwa," akasema, kisha akaendelea kusoma.

Tulituma Septemba, mapema kabisa, na nilikuwa na furaha. Nilimwambia Madam nitashona nguo ya kuja Nairobi kumwona akivaa joho, na Mama Vero akasema naye anakuja na ndoo. Ndipo tukapata jibu kwamba mhariri yuko likizo, na barua zote zitashughulikiwa atakaporudi. Jibu lenyewe lilijiandika lenyewe, bila mtu. Madam alimwandikia naibu wake, na naibu akamwelekeza kwa mhariri. Nikajaribu namba ya ofisi yao kwa simu ya Mama Vero, na sauti ya mashine ikaniomba nisubiri, nikasubiri mpaka salio likaisha. Madam alienda chuo kikuu kuomba wiki chache tu. Walimsikiliza vizuri. Walisema walimpenda. Walisema pia kwamba barua ya kukubaliwa iwepo au isiwepo, hapo katikati hakuna kitu. Oktoba ikafunga mlango.

Alikuja siku hiyo jioni mapema, jua likiwa bado liko juu ya majani, wachumaji wakipita barabarani na vikapu vitupu. Aliketi kwenye kiti chake cha plastiki. Mama Vero alimletea chai na mandazi bila kuulizwa. Madam alivunja mandazi vipande, akavipanga ukingoni mwa sahani, hakula hata kimoja.

"Wanasema nijisajili upya," akasema. "Nianze na kamati ya kupitisha utafiti."

"Anza, Madam. Nitachapa."

"Sijakasirika, Chepkirui. Nimechoka. Mtu aliyekasirika anaweza kuanza tena."

Nilimwongezea sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. Mwezi uliofuata alipata nafasi katika chuo kidogo cha ufundi Sigor, karibu na kwa mama yake, akahamisha vitu vyake kwa pikapu ya jirani. Alipita kunipungia mkono kutoka kiti cha mbele. Flashi aliiacha kwangu, ndani ya ile karatasi ya unga.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Disemba, baada ya watu wengine kuvaa majoho na kupiga picha. Mhariri alifurahi kutujulisha. Nilimpigia Madam simu, na nilisikia ng'ombe nyuma yake na mtu akigonga ndoo.

"Madam, imekubaliwa."

Ndoo ikagongwa tena. "Kongoi," akashukuru, kama mtu aliyepewa njia barabarani.

"Wanasema sasa majina yanaweza kurudi. Na shukrani. Na picha za mwisho, wanazitaka kubwa na safi. Nitumie gani?"

"Weka yoyote, Chepkirui. Hiyo mlango mimi nilishafunga."

Akakata, si kwa ubaya. Aliitwa na kazi.

Siku ya kutuma Mama Vero alikuwa ameenda soko la Chepilat. Kinyozi alikuwa amefunga. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, na nilikuwa peke yangu na ile chupa ya chai juu ya printa. Nilirudisha jina la Madam juu, mahali pake. Nilirudisha shukrani zake, sentensi mbili, ya kwanza kwa wafanyakazi wa kiwanda, ya pili ilikuwa yangu. Halafu nikafungua ile karatasi ya unga, nikachomeka flashi, nikatafuta picha ya kwanza kabisa, kabla ya kijivu, kabla ya kuwa stempu. Ilikuwepo. Chini yake maandishi yalisema Feni A, na juu ya chuma, kwa rangi nyeupe, jina lilisema lenyewe. Nikaiweka kubwa, herufi ya mwisho iliyobanana ionekane. Maneno yakakimbia kama kawaida yao. Nilipoyafuata mpaka mwisho nikakuta makala imevuka kurasa nane kwa mstari mmoja.

Nilijaribu kubana hapa na pale. Picha ndogo kidogo, jina halisomeki. Picha kubwa, mstari unavuka. Radi ikapiga upande wa msitu, taa ikazima, na chini ya meza ikaanza: tii. Kimya. Tii. Nikasoma sentensi ya pili ya shukrani mara moja zaidi, ile yenye Mercy Chepkirui wa Kapsoit, nikaivuta kwa kipanya, ikawa ya bluu kutoka mwanzo hadi mwisho, nikaifuta. Kurasa zikawa nane. Nikahifadhi, nikabonyeza tuma, nikangoja mpaka tovuti iseme imepokea. Kisha nikainama chini ya meza nikaizima ile UPS kwa kidole.